Kobe Chapati na Mtaimbo

Basi la Dodoma–Kondoa halina la kusimulia: lami tupu, na viti vya kubana magoti. Kilichoniuma ni bodaboda ya kwenda kwenye majabali anakoishi kobe chapati. Dereva alitaja bei huku akiangalia viatu vyangu, na wakati wa kurudi akapandisha. Jabali lenyewe silitaji. Wanunuzi wa kobe nao wanasoma.

Mzee wa Kirangi aliyeniongoza alinikanya mapema: "Mwanangu, usitangulize mkono mahali ambapo jicho halijafika." Nyufa hizo nyoka nao hukaa.

Unatafuta ufa wenye mdomo wa vidole vitatu au vinne, unaozidi kubana kadiri unavyoingia. Mpana zaidi ni wa pimbi. Lala kifudifudi, umulike tochi sambamba na sakafu ya mwamba, maana ukimulika kutokea juu, lile gamba la kahawia lenye michirizi ya njano linapotea kati ya mawe. Nenda asubuhi, mvua zikishaanza na majani yapo. Kiangazi kikikolea hatoki.

Tuliyempata alikuwa mdomoni mwa ufa, akiota jua. Kobe wengine wangevuta kichwa ndani na kungoja. Huyu alitimua mbio, kucha zikikwaruza jiwe, akapotea. Hana budi: gamba lake ni jembamba, mifupa ya chini yake ina matundu, ukilibonyeza linabonyea. Mnyama wa nusu kilo, urefu wa sentimita kama 17, bapa kama jina lake. Kinachomkinga ni mwamba. Akishaingia hukita kucha, akatanua miguu na kujishindilia humo. Ukimvuta kwa ndoano utamvunja kabla hajaachia.

Ndiyo maana wezi huja na mtaimbo. Mzee alinionyesha bamba la jiwe lililobenuliwa, chini yake peupe, jua likipiga hadi mwisho. Hapo hakai kobe tena, hata wakileta wengine: joto linaingia, nguchiro anaingia. Na kuzaliana kwake ni taratibu mno. Jike hutaga yai moja kwa mkupuo, nalo huchukua miezi kuanguliwa. Mwaka 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, zikampandisha Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kobe hawa waliokamatwa porini ni marufuku. Mtaimbo hauhitaji kibali, lakini.

Kuingia Dodoma tulikwama nyuma ya lori la kokoto. Kwetu kila mtu anajenga siku hizi, mimi nikiwamo, na jabali tunaliona kama tripu za kokoto zinazosubiri kupasuliwa. Kokoto ya jabali zima, lisilo na ufa hata mmoja, ni ileile na bei ni ileile. Anayeenda kuagiza mzigo angeuliza tu inachimbwa wapi.