Mti Mmoja Ulipona Waiyaki Way

Mugumo, mti ulio kando ya Waiyaki Way huko Westlands, Nairobi, ungali umesimama. Ni mrefu kama jengo la ghorofa nne, na kwa Wakikuyu mugumo si mti wa kukatwa ovyo, maana chini yake wazee waliomba na kutoa sadaka. Mwaka 2020, Nairobi Expressway, barabara ambayo sehemu yake inapita juu ya nguzo, ilipokuwa ikijengwa, ilipangwa mti huo ung'olewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba ikatoka amri ya rais kwamba usiguswe. Barabara ilikamilika na mti upo.

Mimi naishi South B. Huku Mombasa Road hakuna aliyetoa amri. Miti ya katikati ya barabara na ya pembeni ilikatwa, ikabaki vumbi na nguzo za zege. Mama niliyekuwa nikinunua miche kwake kando ya barabara aliondolewa pamoja na mikebe yake, na hadi leo sijui alihamia wapi. Miti yetu haikuwa na sifa. Hakuna aliyeomba chini yake, hakuna aliyeipiga picha. Ilikuwa tu miti ya kumpa kivuli mtu anayesubiri matatu, na hiyo ndiyo kazi ninayoililia.

Expressway ina kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inalipiwa. Bodaboda haziruhusiwi kupanda, wala tuktuk, wala mwenda kwa miguu. Sasa hebu tazama asubuhi watu wanaotoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwenda viwandani Industrial Area: wanatembea. Aliye juu analipa apite haraka. Aliye chini anavuta moshi wa malori, na mvua ikinyesha anaruka madimbwi, huku maji ya barabara ya juu yakimmwagikia. Naambiwa hayo ndiyo maendeleo. Mimi nasema barabara isiyomfikiria anayetembea, katika mji ambao wengi wanatembea, imejengwa kwa dhuluma.

Tena tusidanganyane kwamba kupinga ni kazi bure. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Alitukanwa hata bungeni. Aliendelea kuandika barua, wafadhili wakajitoa, na bustani ikabaki. Miaka 30 baadaye, iliposikika kwamba Expressway ingemega kipande cha bustani hiyohiyo, watu walijua la kufanya kwa sababu yeye alishawafundisha.

Shida yetu ni kuchelewa. Tunaanza kulia tukisikia msumeno, na msumeno ukishafika mkataba ulitiwa sahihi zamani. Kabla ya hapo kuna ripoti ya athari kwa mazingira, ambayo NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, hutakiwa kuitangaza ili wananchi watoe maoni. Tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza kizito, na jirani yangu anayeuza mboga hawezi kuliona. Kwa hiyo sisi wachache wa mtaani tumeanza kuyasoma matangazo hayo na kuyaeleza kwa Kiswahili kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: barabara itapita wapi, miti gani itakatwa, mfereji utamwaga maji kwa nani. Kipengele cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Mama mboga anaweza kushtaki kwa ajili ya mti ulio mbali na kibanda chake. Nilipomsomea hilo aliniambia nirudie tena, polepole.

Kama unaishi kando ya barabara inayosemekana itapanuliwa, anza leo kupiga picha za miti iliyopo, mitaro, vivuko na mahali watoto wanapovukia kwenda shule. Andika tarehe. Siku ya kikao cha maoni nenda nazo, na uombe jina lako na ulichosema viandikwe kwenye kumbukumbu.