Mtoto wa Kibirizi nilivyoitembea Night Safari ya Singapore bila kuozea foleni

Aisee kabla ya yote, mtu akikwambia kwenda Night Safari, ile bustani ya wanyama ya Singapore inayotembelewa usiku, lazima ulipie gari la watalii lije likuchukue hosteli na kukurudisha, msikilize kwa heshima halafu achana naye. Mimi nilikuwa nalala hosteli ya vitanda vya dabo deka pale Little India, begi mgongoni, na kila aliyewahi kwenda Night Safari alikuwa na ushauri wake. Mmoja teksi, mwingine gari la watalii, mwingine ndo kabisa, eti Mtanzania unaendaje Singapore kuangalia wanyama? Huyo nilimjibu kwamba kwetu Kigoma kuna sokwe wa Gombe, boti za kwenda huko zinaondokea Kibirizi nilikokulia, na sijawahi kukanyaga. Na simba sijawahi kumwona. Akacheka mpaka akakaa chini.

Basi tukaunga kikundi, mimi, dada mmoja Mbrazili, Mfilipino na Wajerumani wawili wapenzi. Tulipanda treni mpaka tukaingia ile njia ya treni yenye rangi nyekundu kwenye ramani, tukashuka stesheni ya Khatib, pale nje kuna basi linaenda mpaka Mandai, eneo ilipo Night Safari, nauli ndogo tu, na treni unagusa kadi ya benki unapita. Tiketi tulishanunua kwa simu, unachagua na saa ya kuingia, ilikuwa dola za Singapore hamsini na kitu, zidisha kwa elfu mbili hivi upate shilingi, halafu vuta pumzi. Kuleni kabla hamjaenda, wali kuku wa kwenye vibanda vya mtaani unatosha na bei yake haikuumizi, ndani kule bei nyingine.

Wanafungua saa moja na robo usiku. Singapore ipo jirani na ikweta na saa zao wamezisogeza mbele, kwa hiyo giza linaingia mida ya saa moja, ileile ya kwetu Kigoma ambako jua linachelewa kuzama kuliko Dar. Saa ya giza haikunishangaza.

Sasa hapa ndo utamu. Mjerumani alisoma mahali kwamba lazima uanze na tramu, lile gari la wazi linalokuzungusha kama dakika arobaini. Sawa, tukaenda foleni. Ndugu zangu, watu wote waliofika saa ya kufungua walisoma hapohapo aliposoma yeye. Tunasogea hatua moja, tunasimama, watoto wanalia, joto, jasho linatiririka mgongoni, Mjerumani anatuambia subirini kidogo tu. Nikasema mimi nina miguu, nikatoka kwenye foleni na Mbrazili akanifuata, halafu wote. Tukaanza njia za kutembea, zipo kadhaa na zimeungana, na huko watu wachache mno! Tuliporudi kwenye tramu mida ya saa tatu na nusu tulipanda papo hapo. Kwa hiyo miguu kwanza, tramu baadaye.

Ila kwenye njia wenzangu hawakuwa wanaona kitu. Taa zao wamezipunguza ziwe kama mbalamwezi, na flashi hairuhusiwi, wanyama wanaumia macho. Mfilipino kila banda anasema tupu hili, anafungua simu asome ramani, anainua kichwa, tupu tena. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, nikiwa mdogo alinipakia mtumbwini usiku wa giza (mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, dagaa hawafuati taa), na kitu cha kwanza alichonikataza ni kuikodolea karabai. Ukiitazama ile, ukigeuka huoni hata kasia lako. Na ukitaka kuona mtumbwi wa mbali usiutazame katikati, tazama pembeni yake kidogo, utatokea wenyewe. Basi nikawa mwalimu. Zimeni simu zote, wekeni mfukoni, kama dakika ishirini msiangalie mwanga wowote, halafu tazameni ubavuni mwa kivuli. Mjerumani akabisha. Tukasimama kwenye banda la paka mvuvi, paka mwitu anayekamata samaki, kimya, mara Mbrazili akanibana mkono, kamwona pembeni ya maji kainama anaviziavizia. Kuanzia hapo nilikuwa naitwa kepteni mpaka tunarudi.

Kakakuona ndo aliyenigusa. Nikawaeleza kwamba kwetu akionekana wazee wanamwekea maji, nafaka na silaha, wanaangalia anakwenda kwenye kipi, wajue mwaka utakuwaje. Yule wa Singapore hakuwekewa kitu, alikuwa anatafuta mchwa zake. Binturongi naye, mnyama wa misitu ya Asia mwenye manyoya meusi, ananuka bisi kabisa, sijui niseme nini, nilidhani kuna mtu anauza. Fisi madoa wapo pia, wenzangu wakanigeukia wote kana kwamba ni ndugu zangu, nikawaambia kwetu hatulipi kumwona fisi, tunalala macho asiwaone mbuzi.

Na simba nikamwona hatimaye, kwenye tramu. Simba wa India! Mtanzania mzima, nchi ya Serengeti, simba wangu wa kwanza Mhindi, tena Singapore. Kwenye tramu kaa kiti cha pembeni, ukikaa katikati utaona visogo vya watu.

Sehemu yenyewe ipo tangu 1994, hekta 35, na ndo ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya usiku. Kwetu hifadhini kwa kawaida saa moja jioni gari la mtalii linatakiwa liwe limeshatoka au lipo kambini, ndo maana hata mwenye pesa huko nyumbani anaweza asijue fisi anafanya nini saa nne.

Sisi tuliondoka kwenye saa tano kuwahi basi na treni, treni zao zinaisha karibu na usiku wa manane. Wajerumani walitaka kukaa mpaka wafunge saa sita, tukawaacha, wakarudi na teksi. Bei hawakutuambia, ila asubuhi walikula mkate wa bure wa hosteli mpaka ukaisha.