Kiraka changu kilivyokubaliwa

Nikiwa nyumbani Ngamiani, Tanga, niliongeza tafsiri za Kiswahili zilizokosekana katika programu huria, nikatoa kiraka, yaani faili la mabadiliko yangu, kwa `diff` tupu (amri inayoonyesha tofauti za faili mbili, bila chaguo la ziada) na kukituma. Msimamizi wa mradi akajibu kuwa mistari yangu imeingia mahali pasipo pake.

Sababu niliiona nilipolipakua faili upya. Kwa nyongeza, `diff` tupu huandika namba ya mstari na maneno mapya, basi. Wenzangu walikwishaongeza mistari mingine juu, namba zangu zikawa zinaelekeza pengine kabisa. Nikarudia kwa `diff -u`, ambayo huweka mistari 3 isiyobadilika juu na 3 chini ya kila badiliko, hivyo `patch`, amri inayotia kiraka kwenye faili, hupatambua mahali hata pakisogea. Naipenda pia kwa kuwa mtu huisoma akaelewa.

Bado kiraka kikakataa! Safari hii nilikibandika ndani ya barua pepe, nayo ikakata mistari mirefu na kugeuza tabo kuwa nafasi. Nikatumia `git format-patch -1`, amri ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inayogeuza badiliko la mwisho lililohifadhiwa kuwa faili la kiraka, nikaambatisha faili lenyewe bila kuligusa. Jina langu, tarehe na maelezo vilisafiri humo humo. Msimamizi akaendesha `git am`, amri inayopokea kiraka cha aina hiyo, kikaingia mara moja.