Kalamu ya mpingo imenitoa jasho

Jana usiku nimemaliza kalamu yangu ya tatu ya mpingo. Kuikereza kwenye mashine ya kuzungusha mti haikuchukua muda, kazi iko kwenye kung'arisha. Nilianza na msasa namba 240, nikapanda 400, 600 hadi 1000, namba ikipanda msasa unazidi kuwa laini. Kila nikibadilisha namba nasimamisha mashine, nasugua kwa urefu kufuata nyuzi za mti, ili ile mikwaruzo ya mzunguko iondoke.

Sasa hii niliiachia ukanda mwembamba wa ile sehemu nyeupe ya mti iliyo nje, inayozunguka kiini cheusi, eti urembo. Weee! Vumbi la mpingo ni jeusi kama masizi. Likaingia kwenye weupe wote, kalamu ikawa kama imeshikwa na fundi gereji. Nikafuta kwa spiriti, nikarudia msasa upya, napuliza vumbi kila dakika.

Vanishi sikupaka. Mpingo una mafuta yake, vanishi inagoma kukauka. Nta ya nyuki kidogo tu kwenye kitambaa, mashine inazunguka, mara weusi ukafunguka nikaiona taa ya dari imo ndani yake.

Mke wangu ameshaichukua, anaandikia hesabu za kikoba.