Mpangilio wa masharti katika Python: kosa lisilotoa ujumbe

Anayeanza kujifunza masharti (if, "kama"; elif, "la sivyo, kama"; else, "la sivyo") katika Python, lugha ya kuandikia programu, huhangaika sana na alama: nukta mbili zimesahaulika, nafasi nne hazijaachwa mwanzoni mwa mstari. Hayo ni makosa mepesi, kwa sababu Python hugoma na kukutajia mstari wenyewe. La kuogopwa ni lile linaloiacha programu iende hadi mwisho, itoe jibu, na jibu liwe la uongo.

Chukua kituo cha kupokea mahindi, kiwe Kitale au Bungoma. Mahindi ya kuhifadhiwa hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5; yakizidi, kuvu huota na sumu ya aflatoksini inaweza kufuata. Tuseme kufikia 18 mkulima anarudi kuanika juani, na zaidi ya hapo ni mashine ya kukaushia. Hiyo 18 nimeichagua kwa ajili ya mfano tu.

unyevu = float(input("Unyevu: "))
if unyevu <= 13.5:
    print("Pokea")
elif unyevu <= 18:
    print("Anika kwanza")
else:
    print("Peleka kwenye mashine")

Python husoma kutoka juu kushuka. Ikikuta sharti la kwanza lililo kweli, hutekeleza mistari iliyo chini yake kisha huruka yote yaliyobaki. Ndiyo maana elif haihitaji kuuliza tena kama unyevu umepita 13.5: usingepita, programu isingefika hapo. Sasa geuza, utangulize <= 18. Mahindi yenye unyevu wa 12, makavu kabisa, yataambiwa yaanikwe, maana 12 nayo haizidi 18. Kwa <= anza na nambari ndogo; kwa >=, kama kwenye gredi za mtihani, anza na kubwa.

Ukiandika if mahali pa elif, kila swali linajitegemea, na mahindi yale yale ya 12 yatapata "Pokea" na "Anika kwanza" kwa pamoja.

Usiache float, inayogeuza maandishi kuwa nambari. Kinachotoka kwa input ni maandishi daima, na ukiyalinganisha na 13.5 utapata TypeError, yaani kosa la kuchanganya aina mbili zisizolingana. Wengine hujaribu kuiponya kwa kuandika "13.5" ndani ya alama za kunukuu, wakaharibu zaidi: maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, na "9" huja baada ya "1", basi mahindi ya 9 huonekana yamezidi 13.5.

Nayo else hubeba kila kilichobaki, upuuzi ukiwemo. Karani akisahau nukta akaandika 135, gunia kavu litapelekwa kwenye mashine. Weka ulinzi juu ya masharti yote, if unyevu < 0 or unyevu > 100, kisha sharti la 13.5 ligeuke elif.

Wakati wa kupima, usijaribu 10 na 25 ukaridhika. Jaribu 13.4, 13.5 na 13.6, halafu 18, 18.1 na 135. Ukiwa umeandika < badala ya <= kwenye sharti la kwanza, ni 13.5 peke yake itakayokufichulia. Usipoijaribu, mkulima aliyefikia kipimo barabara atarudishwa nyumbani na mahindi yake bila sababu.