Bosi alifungiwa, mdogo wangu akabaki na farasi

Wakala aliyempeleka mdogo wangu Uarabuni kutunza farasi wa mbio alinipigia simu: "Dada, mkufunzi wao amefungiwa mwaka mzima. Kazi imekufa. Tuma kama laki nane nimtafutie nyingine." Nilikuwa sokoni Arua, Uganda, nimekalia robota la vitenge, na nusura nitume. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. La kweli lilikuwa hilo moja tu, kwamba kafungiwa.

Farasi wake mmoja alikutwa na dawa iliyokatazwa. Kumbe kinachosimamishwa ni leseni ya mtu, si zizi. Farasi ana mwenyewe, na mwenyewe anaweza kumhamishia kwa mkufunzi mwingine mwenye leseni. Nilikesha nikisoma habari za Bob Baffert, mkufunzi wa farasi wa mbio wa Marekani. Farasi wake Medina Spirit alifika wa kwanza Kentucky Derby, mbio kubwa za huko, mwaka 2021, akapimwa akakutwa na betamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe, na mwaka 2022 Baffert akafungiwa siku 90. Adhabu ilitoka jimbo la Kentucky, lakini jimbo la California alikokuwa na mazizi yake nako wakaifuata, akalazimika kuhama. Baadhi ya farasi wakaenda kwa Tim Yakteen, aliyewahi kuwa msaidizi wake, na wawili wakakimbia Derby ya mwaka huohuo. Mtu kafungiwa, farasi wanakimbia, na farasi anayekimbia lazima awe na wa kumlisha na kumpiga brashi.

Mdogo wangu akabaki nao chini ya mkufunzi mpya. Alisimama siku tatu nje ya geti kwanza, maana kibali chake cha kuingia kilikuwa kimefungwa kwenye leseni ya bosi wa zamani. Kama una ndugu huko, mwambie aulize hilo siku ya kwanza.

Kisha bosi wa zamani akaanza kumtumia ujumbe wa sauti saa kumi alfajiri: mtoe yule mwekundu akimbie, huyu mpunguzie chakula. Nikamwambia, "Mtii, ndiye aliyekupokea." Nilimponza. Wiki nzima akatii, hadi mkufunzi mpya alipomkuta farasi analowa jasho kabla jua halijatoka, kamba ingali mkononi mwa mdogo wangu. Akapewa onyo la maandishi. Usiku ule alinipigia analia.

Aliyefungiwa haruhusiwi kufundisha farasi, iwe kwa mkono wake au kwa mkono wa mtu mwingine, na anayekubali kuwa mkono wake anaweza kuadhibiwa naye. Wakaguzi wana haki ya kuingia mazizini bila taarifa, kuchukua damu ya farasi, kudai daftari za dawa, hata simu. Kuwakatalia ni kosa jingine kabisa.

Wenzake wakamshauri amblock bosi na kufuta kila kitu. Nikamwambia hapana, usifute hata nukta. Tukatunga jibu moja, nikaliandika nyuma ya risiti ya kitenge: "Bosi, nakuheshimu, lakini farasi huyu sasa yuko chini ya mkufunzi mwingine. Tafadhali ongea naye." Akitumiwa agizo, anajibu hivyohivyo, neno kwa neno, na asubuhi anamwonyesha mkufunzi mpya. Yaani lile la heshima nililing'ang'ania mimi, asije akaonekana mtovu wa adabu. Na daftari aandike: saa ya kulisha, bandeji, daktari kaja lini, kachoma sindano gani.

Wakaguzi wawili wakaja wakati wa kulisha, ndoo bado ziko chini. "Simu." Akawapa. Mmoja akashusha ujumbe kwa kidole, anasoma: nakuheshimu, nakuheshimu, nakuheshimu. Mara kumi na moja. Akaupiga picha kila ujumbe, kisha akafungua daftari, akalinganisha tarehe na za daktari. Zikakaa sawa. Wakamrudishia simu mkononi, na bosi wa zamani akaongezewa adhabu.

Bando lilinila kama elfu themanini hivi, na wakala hakupata hata senti. Kilichobaki ni mshahara wa nusu mwezi aliobaki nao bosi. Mamlaka ya mbio walimwambia hilo ni la ofisi ya kazi. Fomu tumeijaza juzi kwa simu, mstari kwa mstari, na tumeambatisha picha za kurasa za daftari.