Dari inavuja na nje maji yote ni barafu

Dari ya ukumbini kwangu ilianza kutona wiki ile ambayo hata mbwa wa mtaa huu walitolewa nje wakiwa na viatu miguuni. Sisi tuliokulia Tanga tunajua dari huvuja lini. Masika yameingia, bati limeliwa na kutu, unaweka sufuria chini, kesho unamtafuta fundi. Lakini hapa ni Minnesota, mwezi wa Januari, kipimajoto cha dirishani kinasoma nyuzi 26 chini ya sifuri, na mvua niliiona mara ya mwisho kabla majani hayajapukutika. Sasa maji yatoke wapi?

Nitafika huko. Kwanza niwaeleze ninapoishi, maana ndugu zangu wa nyumbani wakisikia "mtaa wa wastaafu" wanadhani watoto wamenitupa kwenye makao ya wazee, wananililia kwenye simu. Sivyo. Ni mtaa wa kawaida nje kidogo ya Minneapolis, nyumba za chini zisizo na ngazi ndani, zimejengwa mbili mbili zikichangia ukuta, tangu miaka ya themanini. Sharti ni kwamba mmoja wenu awe ametimiza miaka 55. Sheria ya nchi ya mwaka 1995 inaruhusu hivyo: angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu ziwe na mkaazi wa umri huo, na hapo mtaa hauhesabiwi kuwa unazibagua familia zenye watoto. Kila mwezi tunalipa ada ya chama cha wenye nyumba. Chama kinazoa theluji, kinakata nyasi, kinatunza mapaa na kuta za nje. Kuanzia kwenye bodi ya jipsamu kuingia ndani, ni shauri lako mwenye nyumba.

Siku ya baridi huanza kwa mngurumo wa gari la kuzoa theluji, alfajiri, giza totoro. Anayeliendesha ni kijana wa Kisomali aliyekulia kambi ya Dadaab, Kenya. Kiswahili chake na changu ni tofauti, lakini tunasikilizana vizuri sana, na shikamoo siku hizi anaitoa bila kusukumwa. Akishapita yeye, yanabaki yetu: kizingiti cha mlango, na kijia cha kwenda kwenye masanduku ya barua. Wazee wa hapa baridi hawaiogopi. Wanaogopa kuteleza. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na najua nyonga iliyovunjika inavyombadilisha mtu, kwa hiyo na mimi naogopa. Kila mlango una ndoo ya chumvi na kikombe cha kutekea. Chumvi ya mawe inafaa mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo unaimwaga bure. Ndiyo maana mwenye busara huweka na ndoo ya pili ya kalsiamu kloridi, ambayo ni ghali lakini inayeyusha barafu hata siku mbaya. Viatu navivalisha mpira wenye meno ya chuma. Kanga naifunga ndani ya koti. Haionekani, ila mimi najua ipo.

Majirani kadhaa hawaoni haya yote. Krismasi ikipita wanakwenda zao Arizona na Florida, wanarudi Aprili wamebabuka na jua, na funguo zao zinashinda kwenye misumari jikoni kwangu. Nadhani wanaamini muuguzi hata akistaafu bado yuko zamu. Nyumba tupu wakati wa baridi ina masharti. Koki kuu ya maji ifungwe, bomba zote zifunguliwe zimwage yaliyobaki. Hita isizimwe, iachwe kwenye 55 kwa kipimo chao cha Farenhaiti, kama 13 kwa kipimo chetu. Makabati ya chini ya sinki yaachwe wazi ili joto lifikie mabomba yaliyo kwenye ukuta wa nje. Mimi naingia, nasikiliza kama hita inanguruma, nagusa ukuta nyuma ya sinki, nachungulia chooni, natoka. Bomba lililoganda lina hila: linaweza kupasuka leo na usione hata tone, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Siku baridi inapolegea ndipo unakuta sebule imekuwa kidimbwi.

Nikitoka nazunguka nyuma kuangalia mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani. Moja hita inavutia hewa, la pili inatolea moshi. Upepo ukirundika theluji hapo, hita inajizima, nyumba inaanza kupoa na mwenyewe yuko Florida anacheza gofu. Palipo na watu ndani kuna hatari nyingine, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Sheria ya Minnesota inataka kengele yake iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na nikienda kunywa kahawa kwa mtu huwa naitafuta kwa macho kabla sijaketi. Kuna bibi mmoja hapa alikuwa akishusha hita ili kubana bili, kisha analala na kihita kidogo kilichochomekwa kwenye waya wa kuongezea. Nilimkalisha chini. Nikamweleza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili jimbo hili lina kanuni ya baridi: ukikubaliana na kampuni mpango wa kulipa na ukaushika, hawakukatii joto. Alikuwa ameishi Minnesota maisha yake yote, na habari hiyo akaipata kwa mtu wa Tanga.

Haya, dari.

Nilimwita jirani wa upande wa pili wa barabara, fundi umeme mstaafu, magoti yake yote mawili ni ya kubandika. Huwa namwita Mzee, na ameshazoea. Alilitazama lile doa kidogo tu, akaniambia nivae koti tutoke. Nje akanyoosha fimbo yake kuelekea paa la jirani yangu wa kushoto: theluji imetanda sawasawa toka juu mpaka chini. Kisha langu. Juu theluji ilikuwa imeisha, vigae vyeusi vinaonekana, na ukingoni kabisa kumejengeka tuta la barafu nene, limening'iniza mikuki mirefu kuliko mkono wangu. Watu huipiga picha mikuki ile wakasema inapendeza. Mzee alisema ile ni ankara.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, ya kifundi. Joto la ndani hupanda. Likipata upenyo huingia darini, ile nafasi kati ya dari na paa, likazipasha mbao za paa kwa chini. Theluji ya juu inayeyuka upande wake wa chini, maji yanateremka huku yamefunikwa, hayagandi. Yanapofika ukingoni, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, chini yake hakuna tena nyumba, hakuna joto. Hapo yanaganda. Kesho yanakuja mengine yanaganda juu yake. Tuta likishakua, maji yanayofuata hayana pa kupitia, yanatuama nyuma yake. Na vigae vimepangwa kwa ajili ya maji yanayoteremka. Maji yaliyotuama yakipanda kinyume yanaingia chini ya kigae, yanatafuta tundu la msumari, yanamfikia mama wa watu ukumbini.

Kwa hiyo kilichokuwa kinanitonea ni joto langu mwenyewe, nililolilipia kwenye bili ya gesi. Jambo hilo liliniudhi kuliko doa lenyewe.

Huduma ya kwanza ilikuwa rahisi. Kuna reki ya paa, mpini wake ni mrefu wa alumini, unasimama chini unavuta theluji ya ukingoni, hupandi popote. Kisha soksi. Nilikuwa na rundo la soksi zangu za kazini, zile ndefu za kubana miguu. Tukazijaza kalsiamu kloridi, kijana wa Kisomali akazilaza juu ya tuta, kutoka juu kuelekea chini, na kufikia jioni zilikuwa zimechimba mifereji, maji yakapata njia ya kushukia. Shoka ni marufuku, maana utavunja na vigae. Wapo watu wanaokuja na mashine ya mvuke kuyeyusha tuta lote, ila wanatoza kwa saa, na wiki ya baridi kali huwapati.

Kisha tukaangalia darini, na hapa ndipo penye habari. Mlango wa kupandia uko ndani ya kabati langu la nguo. Kijana alipanda na tochi, Mzee akaketi chini kwenye kiti cha jikoni akitoa amri, mimi nimeshika ngazi, nguo zangu zote zimetupwa kitandani.

"Mama, misumari yote huku juu imeota barafu!" kijana akapaza sauti.

Kweli. Baadaye alinionyesha picha. Kila ncha ya msumari iliyotokeza kwenye mbao za paa ilikuwa na kofia nyeupe ya jalidi. Mzee akauliza unyevu wote ule unatoka wapi, akamwagiza afuate bomba la feni ya bafuni. Likafuatwa. Lilikuwa limelala juu ya sufi ya kuzuia joto, mdomo wazi, halikutoka nje ya paa wala ya ukuta. Tangu nyumba ijengwe, kila aliyeoga maji ya moto humu ameupeleka mvuke wake darini. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Halafu sufi yenyewe. Siku hizi dari za huku zinatakiwa kuwa na sufi inayopita inchi 14, kutegemea aina yake. Yangu kuna mahali haikufika inchi 6. Pale juu ya taa za ukumbini ilikuwa nyeusi, na kijana alidhani ni kuvu. Mzee akasema ni vumbi: hewa ya ndani inapanda kupitia matundu ya taa, sufi inaichuja, weusi unabaki. Ukitaka kujua joto linatorokea wapi, fuata madoa meusi. Kitu hicho sikukijua, na nimekipenda.

Matundu ya nyaya tumeyaziba kwa povu la kopo. Kuzunguka bomba la chuma la hita ya maji povu haliruhusiwi, linaweza kushika moto, kwa hiyo hapo Mzee alitaka kipande cha bati na silikoni ya kustahimili joto, na hakukubali kitu kingine. Mlango wa darini tumeubandika ubao wa povu kwa nyuma na utepe wa mpira pembeni. Feni nimeizima mpaka bomba lake litobolewe njia ya nje. Mafundi wa paa hawapandi juu ya barafu.

Chama kimeniandikia barua ya adabu: paa ni letu, lakini paa halijatoboka, dari ni yako. Nimesoma katiba yetu yote. Imetaja vigae, imetaja jipsamu. Kilicho katikati, sufi na lile bomba la feni, hakikutajwa popote. Kwenye kahawa ya Alhamisi wazee wamelibishania mpaka biskuti zikaisha, na upande wa waliosema darini ni kwa chama ulikuwa na wale ambao dari zao zimeshawahi kuvuja.

Nyumba zote hizi zilijengwa na mjenzi mmoja, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo theluji mpya ilipoanguka juzi, mimi na Mzee tulizunguka mtaa polepole, yeye na fimbo, mimi na daftari. Huhitaji kubisha hodi kwa mtu. Paa linajisema lenyewe kutoka barabarani. Tuliandika namba za nyumba zilizoanza kuonyesha vigae vyeusi wakati za jirani zao bado nyeupe. Daftari lina namba nyingi.

Kikao cha wenye nyumba ni Jumanne. Nimeomba feni za bafuni ziingie kwenye ajenda, za mtaa mzima. Mwenyekiti amenijibu kwamba jambo hilo lisubiri Aprili, theluji ikiisha. Nimemwandikia kwamba Aprili mapaa yote yatakuwa makavu na yanafanana, hatutakuwa na cha kumwonyesha mtu. Aje avae viatu vyenye meno, tumtembeze kabla ya kikao.